Wakorea wa Gereji na Wimbo wa Chungu

Mwaka sabini na sita, nna miaka kumi na moja, baba yangu alianguka kazini Matrah, huku Omani, akafa, na dhiki ikaanza. Nikiukumbuka mwaka ule, kwanza hunijia harufu: petroli, vumbi la jiwe lililochomwa na jua, na kabichi iliyochachishwa kwa kitunguu thomu na pilipili. Kabichi ilikuwa ya Wakorea, mafundi wa matingatinga kwenye gereji moja ya Ghala. Jina lisikudanganye. Kwa Kiswahili ghala ni pahala pa kuweka mali, lakini pale siku zile palikuwa na majabali, mapipa na mbwa. Mwenye gereji, Ami Nassor, alitoka Unguja kama sisi. Alimwajiri mamangu awapikie mafundi, akatupa na chumba nyuma ya jiko. Jiko likienda, na chumba kimekwenda. Hilo nililijua mimi vizuri kuliko kusoma, maana kusoma kwenyewe sikufika mbali: skuli walinitia na watoto wadogo kwa sababu Kiarabu sikijui, wakanicheka, nikatoka. Sikurudi, wala sijuti. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ila kamba nyengine mtu huikata mwenyewe.

Wakorea wanne kati ya wale walikuwa na bendi. Mkubwa wao akiitwa Yun, mwembamba, nywele zimemfunika masikio, na gitaa lake la umeme lilikuja limefichwa ndani ya sanduku la spea. Spika walizitoa kwenye basi bovu, wakaziunga na betri ya lori. Jukwaa lilikuwa mbao za makasha, zimepangwa pale pale gereji baina ya magari yaliyofunguliwa matumbo. Kila alasiri wakishanawa mikono, na grisi haijatoka, huanza. Haukuwa muziki wa kumbembeleza mtu. Ulikuwa ukelele wa watu waliochoka na jua, na bosi, na kuwa mbali na wake zao, na mimi niliupenda tangu siku ya mwanzo kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikisikia ndani ya kifua changu na sina gitaa. Nilikuwa nikipanda juu ya boneti nikicheza mpaka bati liniunguze miguu.

Mpiga ngoma alipiga mapipa ya oili, na kwa sauti ile ya kulia chwaa akitumia mfuniko wa bati wa chungu cha mama cha maharage. Kila siku huuchukua, na kila siku mama hutoka jikoni na mwiko mkononi: "We! Funika chungu, nzi wanaingia! Funika chungu!" Wao hucheka, huinama kwa adabu zao, na kesho huuchukua tena. Yun akaipenda sauti ya maneno yale. Siku moja akamwendea mama, akamwonesha mdomo kwa kidole, akauliza, "Arabi?" Mama alidhani anaulizwa kabila. Na kumuuliza mjane wa Kiomani, aliyeachiwa jina la ukoo tu, kama yeye ni Mwarabu, ni kumchokoza. Akajipiga kifua: "Naam! Mwarabu khasa, kwa baba na kwa babu!" Basi Yun akaondoka ameridhika kwamba anachosema mwanamke huyu ni Kiarabu. Kumbe mama Kiarabu chake kilikuwa cha kusalia tu.

Wimbo ukazaliwa: "Funika chungu, nzi wanaingia," mara nyingi, kwa kupiga makelele, halafu mapipa. Wakaupiga kwenye kambi za wajenzi, wakaitwa Ghubra kwenye ufunguzi wa duka, watu wakawapenda. Sisi tulidhani wanatutania. Hatukujua kwamba wao wanadhani wanaimba mapenzi kwa lugha ya nchi.

Ndipo Ami Nassor akamwoza binti yake huko Qurayyat, akataka kuonesha watu kwamba yeye ana bendi. Harusi ilikuwa ya haraka kwa vile bwana harusi alikuwa anasafiri kwenda masomoni, lakini wanawake wakishakaa pamoja, haraka ya mtu hutafutiwa sababu nyengine. Wanaume walikaa uwanjani na bendi. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia. Yun, kwa heshima ya wenyeji, akaanza na ule anaouita wimbo wake wa Kiarabu. "Funika chungu!" Spika za basi zikatetemesha vikombe. Wanawake wa Unguja waliolelewa kwa taarabu na vijembe wakageuka wote pamoja wakamtazama mama wa bibi harusi, Bi Zuwena. Mmoja akasema taratibu, "Shoga, leo mpasho umekuja na betri." Wakaangua kicheko.

Bi Zuwena akasimama, uso umemwiva. "Nani kawafunza hawa? Chungu cha nani hicho kilichoingia nzi?"

"Changu," mama akasema. "Cha maharage."

"Unakula kwangu, unalala kwangu, unanitukania mwanangu siku ya harusi yake! Omba radhi. Hapa hapa, mbele ya watu."

Nilimshika mama kanga. Nilitaka aombe, nakwambia kweli. Nilikiona chumba chetu kinaondoka. Mama akaitazama kanga, akanitazama mimi, kisha akasema polepole: "Bibi, nikikuomba radhi nitakuwa nimekiri nimemtukana mwanao, na mtoto hana kosa. Kwa ajili yake siombi. Jiwe la gizani, anayelia ndiye lililompata."

Angeishia kwenye siombi ingekuwa bora. Lakini alikuwa mamangu.

Asubuhi yake Ami Nassor alikuja mwenyewe, macho chini. "Dada yangu, mie sina neno. Ila nna mke." Tukatoa virago nje. Akapiga na muziki marufuku gerejini. Mpishi wa jirani aliyekijua Kiingereza kidogo ndiye aliyemweleza Yun nini alichokuwa akiimba miezi yote ile. Yun alikaa juu ya ringi la gari, akaziba uso kwa mikono. Kisha akainuka, akaita wenzake, wakalivunja jukwaa lao. Mbao zote wakazivusha ng'ambo ya barabara, wakapigilia misumari mpaka Magharibi, na mama akapata kibanda cha kupikia. Siku aliyouza chakula cha mwanzo walipiga mbele yake, wamesimama kwenye vumbi, wimbo mmoja tu. Hawakupiga tena. Mkataba wao ukaisha, wakaenda zao, na habari yao sijaisikia mpaka leo.

Wajukuu zangu wanawajua Wakorea wa kwenye simu, vijana weupe waliopakwa poda, wanaruka kama wameunganishwa kwa uzi. Huniambia, "Bibi, njoo uwaone." Nimewaona. Wazuri, wasafi. Hamna hata mmoja ambaye ningempa nyundo.

Mimi leo nna mkahawa Ghala, wa matofali. Nna nyumba Ghubra, juu nakaa, chini nimepangisha. Nna kiwanja Qurayyat chenye mitende. Nna gari mbili, na kuendesha sijui. Na nna jiko ambalo hakuna mke wa mtu awezaye kunambia nitoke.