Alasiri Baba Alipotafsiri Filamu ya Kikorea

Sauti ya baba niliijua kabla sijaijua sura yake. Mama alifariki nikiwa mchanga, nikalelewa na bibi Morogoro, na baba alikuwa Dar es Salaam akitafuta maisha. Lakini mtaani kwetu kulikuwa na kibanda umiza, chumba cha mabati chenye televisheni moja na mabenchi, na humo baba alisema kila siku. Yeye ndiye aliyekuwa akitafsiri filamu za Kikorea zilizotufikia kutoka Dar. Mtu yeyote alipofungua mdomo kwenye kioo, sauti iliyotoka ilikuwa ya baba: mfalme, mke wa mfalme, mlevi, mtoto, wote yeye. Akichoka kuwasemea alitusimulia yanayokuja, akawatukana wasaliti, akamsalimia muuza chipsi fulani wa Magomeni katikati ya vita. Watu walicheka mpaka wakapiga mabenchi. Mimi nilikaa karibu na mlango na sikumwambia mtu kwamba yule ni baba yangu. Wasingeamini.

Baba hajui Kikorea. Pale kibandani kila mtu alijua hivyo na hakuna aliyejali. Aliitazama filamu mara mbili bila sauti, pamoja na rafiki yake, wakakubaliana nani mbaya na nani anampenda nani, kisha baba akashika maiki. Huyo rafiki alikuwa Muhindi wa Kariakoo mwenye duka la kukodisha filamu. Ndiye aliyezileta, ndiye aliyerekodi, ndiye aliyezisambaza mpaka kwetu. Nakala zilitoka China, na maandishi ya Kichina yaliyokuwa chini ya picha aliyafunika kwa ukanda mweusi, ili watu wamsikilize baba tu.

Rafiki huyo alitangulia London, kwa ndugu zake wa Tooting, kisha akamvuta baba. Mimi nilimaliza darasa la saba nikabaki nyumbani kumuuguza bibi. Bibi alipofariki, baba akanileta huku. Alinipokea uwanja wa ndege. Alikuwa mfupi. Aliposema "Karibu, mama," nilitaka kucheka na kulia, kwa sababu ilikuwa sauti ya mfalme.

Tunaishi Walthamstow, juu ya duka la vitambaa. Baba anafanya usafi kwenye jengo la ofisi. Zamani, alivyonisimulia, akifungua mdomo kwenye harusi ya Watanzania meza nzima iligeuka, na wanawake walimwomba aseme kama malkia. Siku hizi hawageuki. Waliomjua wamezeeka, na watoto wao wana filamu zote kwenye simu. Alikuwa amebakiwa na msikilizaji mmoja. Kila Jumapili rafiki yake, ambaye mimi namwita baba mdogo, alivuka mji mzima kwa treni kutoka Tooting na mfuko wa kachori, wakakaa jikoni kubishana.

"Nyota, chai yako ni maji tu," baba mdogo alimwambia baba; ndivyo alivyomwita.

"Nyota hapiki. Nyota hupikiwa."

"Basi mpikiaji wako amechoka."

Mimi nilisikiliza nikiwa naosha vyombo. Sikuwa na rafiki London, na Jumapili hizo zilinitosha.

Jumapili moja baba mdogo alisema anafunga duka lake la Tooting na kuhamia Leicester, mji ulio mbali na London. Baba akacheka, akamuuliza Leicester kuna nini.

"Kuna mwanangu."

"Na hapa kuna nani?"

Baba mdogo alikoroga chai yake, ingawa hatumii sukari.

Kesho yake tulipokuwa sokoni baba alinieleza mpango wake. Angekodi ukumbi ulio nyuma ya kanisa, Jumamosi alasiri, na kutafsiri filamu mbele ya watu kama zamani. Watu wakijaa, ingekuwa kila mwezi, yeye kwenye maiki na baba mdogo kwenye projekta. Na mtu mwenye kazi ya kila mwezi London, mwenye jina, hawezi kwenda kukaa Leicester kwenye sebule ya mwanawe. Alisema hayo akichagua bamia, bila kunitazama. Nilielewa kwamba ukumbi haukuwa wa watu. Ulikuwa wa mtu mmoja.

Filamu aliichagua baba mdogo. Ilihusu wazee wawili wa Korea waliokuwa wachekeshaji maarufu kwenye televisheni, na sasa mmoja bado anajitambulisha kwa wahudumu wa hoteli wasiomjua, na mwenzake anambebea begi. Wanazunguka vijijini kuchekesha watu kwenye ufunguzi wa supamaketi. Waliitazama mara mbili bila sauti, jikoni kwetu, kama ilivyokuwa desturi yao, na baba akacheka sana yule mzee aliponyimwa meza. Hakuonekana kuona kitu kingine.

Ubishi ulikuwa mmoja tu, juu ya maandishi. Filamu ilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini. Baba mdogo alitaka kuyafunika. Baba alikataa, akasema watu wa hapa wamesoma, tukifunika watadhani tunawaficha kitu.

"Tulikuwa tunawaficha, bwana," baba mdogo akasema.

Lakini safari hii alimwachia. Dar es Salaam asingemwachia.

Siku yenyewe watu walikuja wa kutosha, wengi wao manesi na wenye kutunza wazee, na sambusa na pilau kwenye foili. Watoto walikaa chini mbele. Baba alivaa suti. Baba mdogo alikaa kando ya projekta, na mimi nilisimama ukutani nyuma yake. Mwanzo ulikuwa mzuri. Baba alimpa mzee wa kwanza sauti ya diwani mwenye mafua, na mama mmoja wa Kikenya alicheka mpaka akashika kichwa cha jirani yake. Nilimwona baba akinenepa ndani ya suti. Nilifikiri, labda baba mdogo atabaki.

Kisha nikaona watoto wanacheka kabla yake. Walikuwa wakisoma. Maandishi yalimtangulia, na kila alipofika na kichekesho chake wao walishamaliza kucheka kingine. Baada ya muda wakubwa pia walianza kuinamisha macho chini ya picha. Baba akaongeza sauti, kasi pia.

Tukafika mahali ambapo wazee wawili wamekaa kituo cha basi, na yule mbeba begi anazungumza polepole. Baba hakutazama ukuta. Alimtazama baba mdogo, akasema kwenye maiki kwa sauti ya yule mzee:

"Siendi popote. Nitaenda wapi mimi bila wewe?"

Mvulana mmoja aligeuka akamwambia mama yake kitu kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika. Mama yake akacheka, akatutafsiria.

"Anasema siyo hivyo. Anasema huyo mzee anaaga."

Ukumbi wote ulicheka. Hawakuwa na ubaya. Walicheka kama mtu anavyocheka mtoto akiwa mwerevu. Baba akarudia, chini zaidi, "Siendi popote," na ukutani yule mzee akasimama, akaweka begi miguuni mwa mwenzake, akapanda basi.

Baba mdogo alinyoosha mkono kwenye spika iliyokuwa kando yake, akazima maiki. Alifanya taratibu, kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka. Filamu ikaendelea kwa Kikorea. Baba alisimama na maiki yake hadi mwisho, mdomo umefungwa, na watu wakasoma. Wengine walifuta machozi. Wakati wa kutoka walimshika mkono wakamwambia ni filamu nzuri sana, ameipata wapi.

Tulipokuwa tunapanga viti, baba alisema, "Ungeyafunika tu yale maandishi."

"Wewe ulikataa."

"Tangu lini unanisikiliza?"

Baba mdogo alibeba viti vyake mpaka ukutani, akarudi. Alisema funguo za duka ameshazikabidhi. Alikuwa amezikabidhi kabla hata ya kuchagua filamu. Baba aliinamisha kichwa, akaendelea kupanga viti ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Alihama kabla ya mwezi kwisha. Mwanzoni alipiga simu Jumapili, saa za chai, na baba aliongea naye akiwa amesimama. Sasa hapigi kila Jumapili. Baba anarudi kazini, anavua viatu, anakaa. Akiniita kula ananiita kwa ishara. Hupita siku nzima nisiisikie sauti yake, humu ndani ya vyumba viwili.

Wiki iliyopita nilifungua filamu ya Kikorea kwenye simu nikaisimamisha kwenye kopo la sukari, mbele yake. Nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi kwa maneno machache.

"Baba, huyu anasema nini?"

"Soma," akasema. "Wameandika."

Nikaanza kusoma. Mimi husoma polepole, Kiingereza zaidi, na maandishi yale hayamngoji mtu. Kabla sijafika mwisho wa mstari yalikuwa yameondoka, yamekuja mengine. Kwenye kioo mwanamke alikuwa analia. Sikujua analilia nini, na baba, aliyekuwa ameketi kando yangu, hakuniambia.