Pembe ya Alliance

Marie-Louise hakuwahi kumaliza postikadi ya kitambaa bila kuacha pembe moja wazi, pamba ikichungulia kati ya vipande vya kitenge.

"Hiyo atashona Alliance," alisema. Alliance alikuwa bintiye, waliyepoteana naye wakikimbia vita kutoka Beni, Kongo.

"Mama, posta watasema fundi umeishiwa uzi," alitania Ithungu, jirani yake pale Bwera, upande wa Uganda, aliyekuwa akizipeleka kadi hizo posta ya Kasese zitumwe kwenye parokia za Butembo, huenda moja ikamfikia Alliance.

"Waseme."

Mwaka 2017 moja ilirudi, pembe imefungwa kwa uzi mwekundu. Marie-Louise aliipapasa mchana kutwa.

Siku alipoondoka kumfuata bintiye, mara ya mwisho yeye na Ithungu kuonana, alimwekea jirani yake mkononi kadi mpya yenye pembe wazi.

"Aksanti, mutoto yangu. Hii utashona weye."