Shati la Sajini

Nakumbuka, mwanangu, Jumamosi moja asubuhi, shati la kijeshi limeanikwa kwenye kamba mbele ya nyumba yetu ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, mtaani Shauri Moyo.

Baba alikuwa dobi katika kambi ya ndege za jeshi, kule Eastleigh. Alianza kazi kiwanja kikiwa cha Wazungu, hata abiria wa kawaida wakishukia hapo. Baadaye abiria wakahamishiwa Embakasi, bendera ikabadilika, wanajeshi wetu wakashika lango, naye akabaki na sabuni yake. Kazi ya kambi tuliijua kupitia nguo. Ndege zikipeleka chakula kaskazini wakati wa ukame, mashati yalirudi na vumbi jekundu. Nguo zilizobaki alizimalizia nyumbani, maana aliaminiwa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sina kazi, na kulikuwa na msichana niliyetaka anione mtu. Nikalivaa shati lile, lenye tepe begani na jina la sajini kifuani, nikaenda studio iliyokuwa karibu na soko la Burma. Nikapigwa picha, nikalirudisha shati kambani. Hakuna aliyejua.

Wiki iliyofuata nikapita pale studio. Picha yangu ilikuwa kwenye kioo cha mbele, kubwa, inatabasamu.

“Tafadhali, iondoe,” nilimsihi mpiga picha.

“Niondoe? Hiyo ndiyo inaniletea wateja! Kwani rubani, ndege umeegesha wapi?”

Wateja wakacheka. Mimi nilikuwa nawaza kwamba wanajeshi huja Burma kula nyama, na baba angeweza kufukuzwa kazi. Nilipanga kumwambia jioni ile ile. Sikumwambia. Siku tatu kila kishindo mlangoni kilinifanya niache chakula na kuchungulia dirishani.

Siku ya nne sajini mwenyewe akabisha. Akaweka picha mezani.

“Mzee, huyu sajini mwenzangu mmemtoa wapi?”

Baba akaitazama picha, akanitazama mimi. “Kosa ni langu, afande. Nguo ilikuwa mikononi mwangu.”

Sajini akanigeukia. “Kijana, askari wa lango hutazama vazi kabla ya uso. Leo limevaliwa na mjinga. Likivaliwa na adui, nani atakuwa amemfungulia?”



Baba hakufutwa. Ila tangu wiki ile hakuruhusiwa kutoka na nguo, na kila jioni alipekuliwa langoni, mikono juu, na askari wa umri wangu. Ikawa hivyo mpaka alipostaafu. Hakunigombeza hata mara moja. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilichuma, baba akala peke yake.

Siku hizi picha haingoji dirisha la studio. Inafika kwenye simu za watu kabla hujavua vazi. Kwa hiyo sikia, mwanangu. Usivae cheo ambacho hukukifanyia kazi, maana nguo ya kuazima haisitiri matako. Na ukishakosea, sema siku ile ile. Ningesema mapema, baba angemwendea sajini mwenyewe, na mtu anayejipeleka husikilizwa tofauti na anayefuatwa. Kukosea kulikuwa ujinga wa saa moja. Kunyamaza ndiko kulikomvunjia baba heshima ya miaka mingi.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na uzee wa wazazi wako usione aibu kwa ajili yako. Amina.