Baba Alivyoukata Mlango Wake

Baba yangu ni seremala, na watu humwita Kaza. Jina hilo hakulitafuta. Ndilo neno linalomtoka mdomoni kuliko jingine lolote. Kaza hapo. Kaza tena. Akishaunga mbao mbili huinama, huweka mdomo kwenye maungio na kupuliza, huku kiganja kikisubiri upande wa pili. Akihisi hewa, hata kidogo tu, kazi yote inafumuliwa. Nimemwona akifumua dirisha ambalo mteja alikwisha kulisifu na alikuwa akitafuta kamba ya kulifunga juu ya gari. Mteja akanuna, Baba akanuna zaidi, dirisha likaungwa upya. Mimi hupenda kutia chumvi nikisimulia, lakini hapo sijatia hata punje.

Mimi ni binti yake, na kazi yangu humo karakanani ni kuchora. Milango, ngazi, makabati ya jikoni, yote nayachora kwenye kompyuta. Mteja anakiona kitu chake kabla ubao haujaguswa, kisha Baba anakata kwa vipimo vyangu. Kwa kweli tunaelewana zaidi kazini kuliko mezani. Yeye hunipigia kelele kutoka kwenye msumeno, "Ubao huu una tumbo katikati, punguza kipimo kidogo!" nami napunguza papo hapo. Ndiyo maana nilitaka kompyuta ikae palepale, karibu na mbao na karibu na kelele zake.

Sasa, vumbi la mbao halina adabu. Linaingia masikioni, linaingia kwenye chai, linaingia hata kwenye mfuko uliofungwa kwa zipu. Kompyuta yetu ya kwanza liliila taratibu. Ilianza kunguruma, ikapata moto kama pasi, ikazima na haikuwaka tena. Fundi wa kompyuta alipoifungua alitoa donge la unga wa mbao lililoziba feni, akatuinulia tulione, kama daktari wa meno anavyokuonyesha jino lako. Ya pili tukawa tunaifunika shuka. Baba akiwasha msumeno, nazima na kufunika; nikiiwasha mimi, yeye anakaa. Ikawa mmoja anafanya kazi, mwingine anamtolea macho.

Mjomba, kaka yake Mama, ana duka la vifaa vya shule na chumba kitupu nyuma yake, sakafu ya vigae, madirisha ya vioo.

"Mpwa wangu, njoo uchoree kwangu," akasema. "Hii nayo ikifa mtafanyaje?"

Alisema kweli, na ndiyo sababu alinikera. Sikutaka kwenda. Baba hakusema nenda wala hakusema baki. Alisema, "Nipeni muda kidogo," akaenda kuchagua mbao.

Alitengeneza kabati. Jamani, kabati! Alitoa mbao nyekundu alizokuwa akizificha nyuma ya karakana kila mteja alipoingia, akatia mlango wenye kioo kipana, akazungushia ukingo wake mpira mwembamba, na kibodi akaipa droo yake yenye kifuniko laini ninachoweza kuchapa juu yake. Akapuliza kila kona. Kiganja hakikuhisi kitu. Nilifunga mlango nikaanza kuchora, msumeno ukanguruma, vumbi likagonga kioo na kuanguka chini. Tuligonganisha viganja kwa furaha. Kabla ya chakula cha mchana kompyuta ikazima yenyewe.

Nilipofungua mlango, joto lilinipiga usoni kama nimefunua sufuria. Mama, aliyekuwa ametuletea chai, akachungulia ndani na kuvunjika mbavu.

"Mmemfunika mtu blanketi mpaka puani, halafu mnashangaa hapumui!"

Hatukucheka naye. Baba alikuwa ameshika ukingo wa kabati lake.

"Baba, inabidi tutoboe," nikamwambia.

"Tutoboe nini?"

"Kabati."

"Kabati hili?"

Nilimweleza polepole, nikiichunga sauti yangu. Tuweke feni ndogo mgongoni mwa kabati, ivute hewa safi kutoka uani kupitia tundu ukutani, na hewa hiyo ipite kwanza kwenye chujio la hewa la injini ya gari. Chini ya mlango tuache upenyo itokee hapo. Hewa ikisukuma kutoka ndani muda wote, vumbi halitapata pa kuingilia.

"Yaani unataka kazi yangu ivuje."

"Ivuje, Baba. Ila ivuje kuelekea nje."

Akaniangalia, akaenda zake uani. Nilidhani ndiyo basi. Nilimpigia simu Mjomba aje na gari, nikaanza kukunja nyaya huku nimejikaza kisabuni nisilie mbele ya Mama.

Kisha nikasikia ukuta ukitobolewa kutoka nje. Baba akaingia na vumbi la matofali kichwani, akaligeuza kabati, akalitoboa mgongo. Akaung'oa mpira wa chini, akaulaza mlango ule juu ya meza na kuukata ukingo wake kwa msumeno wa mkono. Hakupepesa macho. Alipomaliza alizilainisha zile kingo kwa msasa kana kwamba ndivyo zilivyochorwa tangu mwanzo. Nimewahi kumsikia akisifiwa kwa kazi nyingi, na kila mara nilijivuna. Lakini siku ile, akiikata kazi yake mwenyewe, nilijivunia kuwa mwanawe kuliko siku nyingine yoyote.

Tulifunga feni, tukaweka chujio. Baba alining'iniza uzi kwenye ule upenyo chini ya mlango, na uzi ukaelea kuelekea nje. Aliwasha msumeno, mimi nikawasha kompyuta, na kwa mara ya kwanza tukafanya kazi wote wawili kwa wakati mmoja. Alasiri yote kompyuta ilikuwa ikipumua vizuri, nami nilikuwa nimefika katikati ya ngazi ya mteja pale gari la Mjomba lilipopiga honi.

Mjomba aliingia akijipangusa mabega, akaliona kabati, akainama kuchungulia chini ya mlango.

"Shemeji," akasema, "mlango mzuri hivi! Ulikosea vipimo?"

Kwa tusi dogo kuliko hilo Baba amewahi kuacha kusalimiana na mtu. Alizima msumeno, akasogea, akaweka mkono juu ya kabati.

"Sijakosea. Nimeukata mwenyewe. Binti yangu anafanya kazi hapa."