Keki ya Mnada

Mtu akiniuliza nilijifunza wapi kuoka, humwambia ukweli: jikoni kwa watu. Miaka minne nilimfanyia kazi bibi mmoja Mzungu upande wa Lavington, na huyo bibi, pamoja na ukali wake wote, alikuwa na keki moja ambayo sijaona mfano wake hadi leo. Ilikuwa ya chokoleti, tabaka nne, nyeusi kama udongo wa mfinyanzi wa huku Nairobi mvua ikishanyesha, na ilikaa na unyevu wake hata siku ya tatu. Siri yake ilikuwa bia. Si bia yoyote, ile nyeusi nzito. Aliimimina kwenye sufuria, akaweka siagi, akaviacha viyeyuke pamoja juu ya moto mdogo, ndipo akatia kakao na sukari. Mara ya kwanza kumwona nilidhani amelewa mchana. Aliporudi kwao hakuniachia kitu ila ile keki kichwani mwangu.

Lakini habari hii ni ya mume wangu zaidi kuliko ya keki, kwa hiyo nianze naye.

Tulikaa Laini Saba, Kibera, chumba kimoja, miaka ile ya mwanzo ya utawala wa Nyayo. Alikuwa fundi wa mabati, kibanda chake cha kazi kando ya reli. Majiko, ndoo, masanduku ya shule, chochote kinachotoka kwenye bati alikitengeneza, na kikakaa. Na alikuwa mlevi. Sisemi mnywaji. Mnywaji hunywa akarudi nyumbani. Wangu alikunywa redio yetu, akanywa blanketi, na mwaka mtoto wa pili alipoanza shule akanywa viatu vyake vipya kabla havijavaliwa. Mama yangu alikuja kutoka nyumbani magharibi, akatazama chumba. Asubuhi yake aliwachukua watoto wote wawili. Aliniambia tukiwa pale stendi kwamba huyo mwanamume akae miezi sita bila kuonja kitu, ndipo atawarudisha. Kabla ya hapo nisijisumbue kupanda basi. Nilimchukia mama yangu siku ile. Baadaye nilijua kwamba nilimchukia kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Mume wangu aliokoka akiwa juu ya paa. Wengine hucheka nikisema hivyo. Alikuwa amepewa kazi ya kupigilia mabati kanisa dogo kule mtaa wa Kongo, Kawangware, na chini yake akina mama walikuwa kwenye maombi yao ya katikati ya wiki. Sijui walisema nini. Alishuka na nyundo mkononi, akapiga magoti kwenye vumbi la mbao, akalia. Tangu siku hiyo hakuonja. Wiki za kwanza mikono ilimtetemeka hata mkasi wa bati haushiki. Ili mikono ipate kazi, akakata pipa, akanitengenezea oveni: mkaa chini, mkaa juu, katikati rafu mbili. Maungio yake yalikwenda upande kama mwandiko wa mtoto, na moto ulipenya pale na pale, lakini iliivisha. Nikaanza kuoka skonzi na keki ndogo za kuuzia vioski. Kila Jumapili tulitembea pamoja mpaka Kawangware, yeye amevaa koti, mimi nimejitanda leso, na ushuhuda wake ulipofika alisimama na kusema kwamba hata harufu ya pombe ameisahau. Watu wakasema amina. Mimi nilisema amina kuwashinda wote. Nilikuwa nahesabu miezi kwenye vidole, na sikutaka kitu kingine duniani ila ule wa sita ufike.

Mwezi wa tano tangu aokoke kanisa likaitisha harambee ya kumalizia sakafu na madirisha. Mwenyekiti wa akina mama alikuwa mwenyeji wa pale pale, mama mwenye ploti zake, mtu wa kusikilizwa. Aliniita baada ya ibada. Alitaka keki ya mnada.

"Ikuwe kubwa, na ikuwe kitu watu hawajaona," akasema. "Wageni wanatoka mbali. Usituaibishe, mama."

Ningemwambia nitaoka keki nyeupe ya kawaida, angeridhika. Lakini mimi na mdomo wangu. Nilikuwa mpangaji wa Kibera mbele ya wenye ardhi, nikaona leo ndipo nitajulikana. Nikamwambia kuna keki ya chokoleti ya tabaka nne ambayo hapo kanisani hakuna aliyewahi kuiona. Akawaita wenzake wasikie. Ilikuwa imeshatangazwa kabla sijafika barabarani.

Nilijaribu kuikwepa bia, Mungu ni shahidi. Jumatano nilioka kwa maji ya moto. Ikatoka kavu, ukiikata inamwagika kama unga wa mbao. Alhamisi nilioka kwa kahawa nyeusi. Ikawa chungu, na ukavu ni ule ule. Ijumaa nikajaribu soda, ikaumuka vizuri, nikashukuru, kisha ikabonyea katikati mbele ya macho yangu. Mayai yalikuwa yanaisha. Kakao ilibaki ya keki moja tu. Nilikaa kwenye kigoda mbele ya lile pipa nikalia kwa hasira, kwa sababu nilijua kabisa kinachokosekana, na kilikuwa kinauzwa hatua hamsini kutoka mlangoni kwangu.

Hapo ndipo nilipofikiri kile nilichofikiri. Keki ya mnada haiokwi iliwe. Aliyewahi kuhudhuria harambee anajua: keki inainuliwa, huyu anapandisha, yule anapandisha zaidi, wanataniana, wanatunishiana vifua, na mwenye kushinda anaibeba kwenye gari lake akaile kwake na watu wake. Nilikuwa nimeona za namna hiyo mara nyingi na sikuwahi kuona hata chembe ikifika mdomoni mwa mtu wa kutembea kwa miguu. Basi nikajiambia bia itaingia ndani ya keki, keki itaingia ndani ya gari, gari litaenda zake, na mume wangu hatajua. Nilijiambia pia kwamba moto hula kilevi chote. Hilo pengine ni kweli. Lakini sikuwa nikilifikiria kwa sababu ni kweli. Nililifikiria kwa sababu nililihitaji.

Jumamosi asubuhi, alipokwenda kibandani kwake, nilijifunika leso nikaenda baa ya kando ya reli. Mwanamke wa kaunta alinijua vizuri. Zamani nilikuwa nikimtoa mume wangu pale huku namshika mkanda. Nilipoomba chupa ya bia nyeusi aliacha kufuta meza akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko matusi.

"Amerudi?" akaniuliza.

Nikamwambia la, ni ya keki. Akasema siku hizi hata keki inakunywa, akacheka, akaniwekea chupa kwenye gazeti.

Nilioka mlango ukiwa wazi na dirisha wazi. Niliimimina yote kwenye sufuria, nikatia siagi, na ilipopata moto harufu yake ikapanda: tamu, chungu, nzito, harufu ya kila usiku ambao sikutaka kuukumbuka. Nikatia kakao upesi upesi niizibe. Mayai, maziwa lala yaliyoganda, unga, soda ya kuokea. Nilioka tabaka mbili, kisha mbili, nikibadilisha mkaa wa juu kwa koleo, na zilitoka kama zilivyotoka kwa yule bibi, nyororo, zinang'aa juu. Siku nyingine ningefurahi. Chupa niliipeleka mwenyewe mpaka kwenye mtaro nikaitupa.

Akaja mchana kula, kitu ambacho siku nyingi hakukifanya. Alisimama mlangoni bila kuingia. Nilimwona akivuta pumzi, akaishikilia, akaiachia.

"Ni nini hiyo?"

"Kakao," nikasema.

Aliuliza kama kakao hunuka hivyo. Nikamwambia ile ya bei hunuka hivyo. Alichukua sahani yake akaenda kulia nje kwenye jua, ameipa nyumba mgongo, na alipomaliza aliniambia, kwa sauti ya chini, nimwombee kidogo, kwa sababu leo amekumbuka vitu. Niliweka mikono yangu, yenye kakao mpaka kwenye kucha, juu ya kichwa chake, nikamwombea. Nilikuwa na nafasi pale. Maneno matatu tu yangetosha: nimeweka bia ndani. Sikuyasema. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, na kwangu ilibaki siku moja tu.

Jumapili ilifika na wageni wake. Keki niliibeba kichwani kwenye sinia tangu Laini Saba, nimeipaka krimu ya siagi na kakao kila tabaka, na mume wangu akitembea mbele kunifukuzia watu njiani, akijivuna. Watu wa kanisa waliizunguka wakaitazama kama mtoto mchanga. Mama mwenyekiti alinishika mkono mbele ya wote. Nakiri kwamba kwa muda ule mfupi nilisahau kila kitu na nilikuwa na furaha.

Mnada ulikwenda kama minada inavyokwenda. Wageni wawili walishindana mpaka mmoja, mzee mnene mwenye suti ya kijivu na gari jeupe nje, akaachiwa. Nilishusha pumzi. Nilikuwa tayari kumsaidia kuibeba.

Lakini mzee hakuiinua. Alisema anairudisha kanisani, ikatwe, kila mtu aonje. Makofi. Kisha akasema ameambiwa kuna fundi aliyelipaua kanisa hili, ambaye Bwana alimtoa kwenye chupa akiwa juu ya paa hilo hilo, na kwamba kipande cha kwanza ni cha fundi huyo, na mkewe ndiye amlishe, vile maharusi wanavyolishana.

Walinisukuma mbele kwa vigelegele. Mtu akanipa kisu, mtu akanipa sahani. Mume wangu alisimama pale na koti lake, anatabasamu kwa aibu, mikono ameiweka nyuma.

Nilijua la kufanya. Hakuna siku nimewahi kujua wazi kuliko siku ile. Nilitakiwa kuiangusha ile sahani. Nilitakiwa kusema mbele ya mama mwenyekiti, mbele ya yule mzee na wageni wake, kwamba keki ina bia, asile. Na niliona nyuso zao zitakavyobadilika, na niliona mimi nikirudi kuwa yule mke wa mlevi wa Laini Saba, na sasa mwenye kuleta pombe kanisani. Niliona pia watoto wangu. Nataka kusema niliwaona wao kwanza, lakini sikuwaona wao kwanza.

Nikakata kipande. Nikamtia mdomoni kwa vidole vyangu.

Alitafuna mara moja, mbili, akaacha. Ulimi wa mtu kama yeye haudanganywi na kakao. Macho yake yalitoka kwenye keki yakaja kwangu, na hayakuwa na hasira, yalikuwa yananiuliza tu. Niliendelea kutabasamu kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Basi akameza. Kisha akafungua mdomo tena.

"Ongeza," akasema.

Kanisa zima likacheka, wakapiga makofi, fundi amependa keki ya mkewe. Nikamwongeza.

Hakungoja sala ya kufunga. Alitoka, nami nikamfuata na sinia tupu, tukashuka njia ya Kongo yeye hatua kumi mbele. Nilimwambia ilikuwa kidogo tu. Nilimwambia moto hula kilevi. Nilimwambia nilidhani itabebwa. Alitembea bila kugeuka mpaka tulipofika kwenye maduka, pale akasimama.

"Si keki," akasema. "Hiyo keki hata mtoto anaweza kula. Lakini ulijua, mama, na ukanilisha na mkono wako. Sasa mimi nitashikilia nani?"

Nilimshika koti, akautoa mkono wangu polepole, kidole kwa kidole, kwa upole ambao hakuwahi kuwa nao alipokuwa mlevi. Akaingia mlango wa pili, uliokuwa wa baa, akiwa na tai yake ya kanisani, saa kumi jioni, jua bado likiwaka. Nikabaki nje barabarani. Ningeingia, nilikuwa nimeingia kwenye baa mara ngapi kwa ajili yake. Siku hiyo miguu ilikataa kwa sababu sikujua nitamwambia atoke aje kwa nani.

Nilikuwa bado nimesimama pale akina mama wa kanisa walipopita, wamejaa furaha, mmoja bado anajifuta krimu kwenye kidole. Waliniambia Bwana asifiwe. Waliniambia keki kama ile hawajawahi kula, na kwamba mmoja wao anaozesha binti mwezi ujao, nimwokee ile ile, nisibadilishe kitu. Kisha wakaniuliza mzee wangu yuko wapi.

Nikawaambia ametangulia nyumbani kuwasha jiko.