Sauti ya Kiwandani

Mjini kwao, kiwanda cha sabuni ndicho kilichokuwa saa ya kila mtu. King'ora kikilia, watu huamka. Kikilia tena, sufuria huepuliwa. Kisha vipaza sauti vya kwenye paa hutangaza zamu, na mji mzima husikia.

Mfungaji maboksi mmoja, mwanamke mwenye kigugumizi tangu utotoni, aliitaka kazi hiyo ya kutangaza. Wenzake walicheka hadi wakashika mbavu. Mumewe hakucheka. Kila jioni walikaa jikoni, mkewe akisoma kwa sauti maandishi ya kwenye pakiti za sabuni.

"Usikimbizane na neno, mama watoto," alimwambia. "Lisubiri, litakuja lenyewe."

Siku ya majaribio, msimamizi alimsogezea maikrofoni iliyounganishwa na vipaza sauti vya kwenye paa. Neno la kwanza likamkwama kooni. Akavuta pumzi, akalisubiri.

"Wafanyakazi wa zamu ya asubuhi, karibuni kazini." Akazitaja idara zote, moja baada ya nyingine, sauti ikitiririka kama maji.

"Kesho usipitie kwenye maboksi," msimamizi alisema. "Njoo moja kwa moja hapa."

Nyumbani, tangazo lilipokuwa bado linasikika, mama mkwe wake alikuwa ameshazima redio na kuwaita majirani dirishani. "Nyamazeni msikie," aliwaambia. "Huyo anayeongea ni mkwe wangu."