Kofia ya Mtoto Ambaye Hajalia

Nilipokuwa darasa la nne, tukikaa Kabasa pale Bunda, nilipata wazo ambalo hadi leo naona lilikuwa zuri. Mama alikuwa mjamzito, na sweta la kijani la baba lilikuwa limetoboka viwiko. Nikaamua kulifumua, nyuzi zake nifumie kofia ya mdogo wangu.

Sindano ya kufumia sikuwa nayo. Nilikwenda kwa Mzee Shabani, fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara, nikamwomba spoku. Aliikata, akaikunja ncha, kisha akaisugua kwa tupa muda mrefu isije ikanichoma.

"Angalia wewe," akanitania, "mtoto asije akazaliwa anapiga kengele."

Uzi wa sweta la zamani hutoka umejikunjakunja. Niliuzungushia miguu ya kigoda, nikaulowesha, nikauanika hadi ukanyooka. Kofia ya kwanza ilimtosha baba. Nikafumua. Ya pili ikatanuka kama sahani. Nikafumua tena. Mama alikuwa akipita ananishika kichwa tu. Ya tatu ilikaa vizuri juu ya goti langu, nikajua hiyo ndiyo.

Bibi, mama yake baba, alikuwa ameshafika kutoka Butiama kumsubiri mama ajifungue. Aliichukua kofia akaigeuzageuza.

"Mke mwenzangu una mikono," alisema. "Lakini hapo ulipofika, acha. Usifunge fundo."

"Kwa nini, Bibi? Imebaki kidogo tu."

"Kitu cha mtoto ambaye hajalia hakimalizwagi. Mtoto anakujaga kufuata kitu ambacho hakijaisha. Akikuta kimeisha, anarudi alikotoka. Akilia, ndiyo utafunga."

Nikaacha uzi unaning'inia. Lakini aliyewahi kutengeneza kitu kwa mikono yake anajua adha ya kukiacha kikiwa kimebaki kidogo. Nilivumilia siku nne. Siku ya tano, Jumamosi mchana, nilikaa nyuma ya jiko, nikafunga fundo, nikakata uzi kwa meno. Kofia nikaificha chini ya godoro. Kila nikitoka shule nilikuwa naitoa naitazama. Ilikuwa kitu kizima, kilichokuwa kichwani mwangu na sasa kiko mkononi. Sikuwahi kufurahi vile.

Wiki mbili baadaye mama alipelekwa hospitali. Alirudi kesho yake akitembea polepole, baba amemshika mkono, na Bibi nyuma yao na begi la vitenge ambalo halikufunguliwa. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia.

Majirani walijaa. Mzee Shabani alifunga kazi zake, akapita nyumba hadi nyumba akituletea mabenchi. Mimi nilishindwa kula. Kila aliyenipa pole nilimwona kama anajua. Siku ya tatu Bibi alinikuta nyuma ya jiko.

"Mke mwenzangu, utakufa na wewe? Kula."

"Bibi, mimi nilifunga."

Bibi alichuchumaa mbele yangu. Kisha akauliza, "Iko wapi?"

Nikaenda kuileta. Akaipokea, akasema macho yake mabovu, anataka aitazame juani. Akanipa mgongo, akaenda hadi kwenye kamba ya nguo. Alisimama pale ameinama kwa muda mrefu. Aliporudi, safu ya mwisho ilikuwa imelegea na uzi unaning'inia.

"Mbona hukufunga? Hebu ona. Fundo la kitoto hili, halikushika. Kofia haijaisha. Si wewe, mjukuu wangu. Umenisikia? Si wewe."

Nikaamini. Siku hiyo nikala ugali.

Ilinichukua miaka kukumbuka kwamba nilikuwa nimekata uzi karibu kabisa na fundo, na ule alionionyesha ulikuwa na urefu wa kiganja. Uzi hauoti. Bibi alilifungua lile fundo kwa kucha zake. Nikajiambia basi hakuwa anaamini yale maneno, alikuwa ananitisha tu kama wazee wanavyotisha watoto.

Halafu nikaolewa Musoma, nikapata mimba yangu ya kwanza. Bibi alikuja, mzee sana sasa. Mume wangu alikuwa ameshanunua beseni na sabuni ya mtoto. Bibi alipoviona, alirudi nyuma hadi mlangoni.

"Viondoeni," alisema. "Peleka kwa jirani. Sitaki kuona hata sabuni mpaka alie."

Nikamtazama usoni, na hapo ndipo nilipoelewa. Alikuwa anaamini, tena tangu zamani. Kwa hiyo siku ile kwenye kamba ya nguo, Bibi alikuwa na hakika kwamba mjukuu wake, aliyekuwa amemlilia siku tatu, amerudi alikotoka kwa mkono wangu. Alijua hivyo, akanipa mgongo, akafungua fundo, kisha akanigeukia na uso usio na kinyongo.

Nilitaka kumuuliza. Maneno yalinifika mdomoni. Lakini nikaona nikimuuliza nitamlazimisha auseme ule uongo mara ya pili, na yeye amechoka. Nikaiweka ile sabuni ndani ya beseni, nikajitwika, nikalipeleka mwenyewe kwa jirani.